Simu moja, watoto watatu

Tunaambiwa serikali inataka masomo ya mtandaoni yamfikie kila mwanafunzi. Sawa, lakini sisi wa mtaa wa mabanda wa Mathare, Nairobi, tunakumbuka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya corona, tukaambiwa masomo yako redioni, kwenye runinga na mtandaoni kupitia KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala. Kwangu simu ilikuwa moja, kioo kimepasuka, na alfajiri naondoka nayo kwenda kazini. Nikirudi usiku, watoto watatu wanaing'ang'ania, bando la shilingi 20 linaisha video bado inazunguka tu. Yule wa darasa la nane alinakili maswali kwa jirani akiwa amesimama mlangoni, na corona hiyo! Serikali, wekeni waifai ya bure kwenye maktaba, zibaki wazi hadi saa tatu usiku.