Soda ya sabuni haikai katika chupa ya maji

Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna nyumba nyingi zinazosomesha watoto kwa sabuni ya kupika nyumbani, kwa hiyo watengenezaji sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na chupa. Soda kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inanunuliwa sokoni Kadutu, inayeyushwa kwa maji, na ile inayobaki inamiminwa katika chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, kizibo kile kile cha buluu, kisha inaachwa chini ya meza karibu na bidoni ya mawese. Mtoto wa miaka miwili atajuaje? Hata shangazi anayerudi na kiu usiku, umeme umekatika, atajuaje?

Kazi ambayo soda inaifanya kwa mawese ndiyo inayoifanya, mtu akiinywa, kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni: inageuza mafuta yaliyo katika nyama ya mwili kuwa sabuni na kuzidi kuzama ndani. Na mdomo unaweza kuonekana mzima huku ndani kumeungua. Sasa hapo ndipo jirani anapofika na ushauri: mtapishe, mpe mawese, mpe ndimu ikate ukali. Hapana, jamani! Akitapika, umio unaungua mara ya pili. Ndimu ikikutana na soda inaongeza joto. Msukutuze mdomo, chukua ile chupa, mkimbie hospitali.

Huko daktari anapitisha mpira mwembamba wenye kamera, vizuri zaidi ndani ya saa 24, aone kidonda kimefika wapi. Kidonda chepesi kinapona. Kile kilichozama ndani kinadanganya: mtoto anarudi nyumbani anakula, halafu kuanzia wiki ya tatu hivi kovu linaanza kubana. Bugali linakataa kupita, kisha uji, mwishowe hata mate. Umio unapanuliwa tena na tena, miezi mingi, na kila mara unaweza kupasuka. Ikishindikana, wapasuaji wanachukua kipande cha utumbo mpana kukiweka mahali pa umio. Familia ya muuza sabuni italipa na nini?

Chevalier Jackson, daktari wa Philadelphia, alitibu watoto wa namna hii kwa miaka, akachoka, akapigania sheria. Mwaka 1927 Marekani ililazimisha makopo ya soda yaandikwe kwamba ni sumu. Sisi tusingoje Kinshasa. Muuzaji amkatalie mteja anayekuja na chupa ya maji, na mpishi wa sabuni ayeyushe tu ile ya kutumia siku hiyo.