Mkwe Aliyekataa Kuondoka

Kwa kuwa wifi yangu amekwisha kusambaza picha katika kundi la ukoo, na kuzitia maneno ambayo sikuyatamka, nimeona heri niwasimulie mwenyewe yaliyonikuta Jumamosi katika bustani moja ya mimea karibu na Tukuyu.

Yalikuwa maonyesho ya sanaa ya msimu, yaliyopangwa yaende pamoja na maua ya uwanda wa juu wa Kitulo, ambayo huchanua kati ya Desemba na Aprili. Michoro ilitundikwa chini ya mianzi, na habari kubwa ilikuwa okidi za Kitulo, ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko, ijapokuwa Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Hayo niliyasoma vibaoni kabla ya aibu kunifika, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sikuambulia kitu.

Msio wa Rungwe, jueni kwamba kwa mila ya Kinyakyusa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona mbele yake, hujificha mpaka apite. Wengine wameilegeza mila hiyo. Ukoo nilioolewa haujailegeza.

Wifi alikuwa nyuma akipiga picha. Nilipokata kona, ukungu ukiwa umetanda, nikamwona: koti refu la mvua, kofia ya pama, fimbo mkononi, na bega la kushoto limeshuka kidogo, vilevile kama la baba mkwe. Sikujiuliza amefikaje. Nilijitupa nyuma ya mgomba, nikachuchumaa na kujifunika kitenge hadi kichwani. Nikangoja. Nikakohoa kwa adabu, ili ajue nipo na apite. Hakupita. Mvua ikaanza, tope likaingia viatuni, na mzee wala hakutikisika, nami nikawa namsifu moyoni kwa ustahimilivu wa watu wa zamani. (Chekeni tu, nawasikia.) Hatimaye nilichungulia kwa jicho moja, nikaona kwamba fimbo ile ameiinua kunielekea mimi. Nikatazama chini: nilikuwa nimechuchumaa katikati ya kitalu cha okidi. Hapo nilianza kurudi kinyumenyume kwa magoti, nikinong'ona, "Nisamehe, baba, natoka," ilhali hata kumsemesha ni mwiko, nami kila nilivyoomba radhi ndivyo nilivyozidi kuivunja mila.

Ndipo wifi akatokea, akatundika mkoba wake kwenye fimbo ya mzee, akamwegemea begani na kuuliza, "Wifi, unatafuta nini humo?"

Koti lilikuwa la kweli. Mwenye koti alikuwa wa saruji, na kibao miguuni pake kilisema ni mlinzi wa maua.

Mtunza bustani alikuja, nikalipia okidi moja iliyovunjika, tukaondoka. Jioni picha zilimfikia baba mkwe, naye amemtuma mama mkwe aniambie kwamba hakukasirika hata kidogo, ila anataka ukoo wote umpeleke akamwone mzee mwenzake kabla maua hayajaisha. Gari limekwisha kukodiwa. Huko juu ukungu hautabiriki, na wakisimama wawili wale kwa pamoja, sijui nitamkimbia yupi.