Nani akae kwenye sarafu?

Huku Leeds, Uingereza, sarafu naishika Jumamosi tu, ninapohitaji pauni ya kufungulia kitoroli cha dukani. Siku nyingine nagusisha kadi, kama watu wanavyotuma M-Pesa hata kwa mandazi mawili pale nyumbani Nakuru. Jumamosi iliyopita niliigeuza ile pauni: huku Mfalme Charles, huku nyuki. Mfukoni nilikuwa na nyingine ya Malkia Elizabeth. Mwenyewe marehemu, pauni yake bado inanunua.

Hapa jambo hilo halimkoseshi mtu usingizi. Kati ya 1953 na 2015 Malkia alitolewa sura tano tofauti kwenye sarafu, akazeeka polepole ndani ya mifuko ya watu. Alipofariki 2022 mwanawe akaingia, akitazama kushoto kwa kuwa mama yake alitazama kulia. Ni desturi yao tangu karne ya 17. Mwingereza ninayefanya naye kazi hakuwa amegundua mpaka nilipomwonyesha.

Kwetu Kenya sura kwenye sarafu ilikuwa siasa. Mama alikuwa na kiosk, na chenji aliiweka kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo: Kenyatta wa tangu 1966 amechanganyika na Moi wa tangu 1980. Walikuwapo wateja waliochagua, kwa sauti ya chini, "nipe ya Mzee," yaani ya Kenyatta, kana kwamba ile nyingine isingenunua chumvi. Mwaka 2003 ikatoka shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, hata mwaka hajamaliza Ikulu. Mwaka 2005 Kenyatta akarudishwa. Kila aliyeingia Ikulu tulimtazamia aingie na mfukoni mwetu pia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakata mzizi wa fitina: noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote. Ilichukua miaka 8. Desemba 2018 akaja twiga kwenye shilingi 1, kifaru 5, simba 10, ndovu 20. Na aliyezizindua ni nani? Uhuru, mwana wa Kenyatta. (Noti za 2019 nazo zikaja na KICC, jumba la mikutano la Nairobi, sanamu ya Mzee ikiwa imeketi papo hapo mbele. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani kuzipinga, akashindwa.)

Wakenya wenzangu huku wananiambia tumewafuta waasisi wetu, na kwamba Watanzania wangali na Nyerere kwenye shilingi 100 na Karume kwenye 200. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Mwingereza hampigii mfalme kura, kwa hiyo sura ile haimkumbushi aliyeshinda na aliyeshindwa. Sisi ilitukumbusha kila tulipolipa matatu. Twiga hakuna aliyeuliza ni wa kabila gani.

Nilipokwenda likizo niliufungua ule mkebe. Chini kabisa kulikuwa na shilingi ya babu ya enzi za mkoloni: upande mmoja Mfalme George wa Sita, babu yake huyu Charles, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Nikaiweka kando ya shilingi 10 mpya. Mfalme hayupo, simba yupo. Mama akavaa miwani, akazitazama kwa muda, akasema simba wa zamani alikuwa ameshiba zaidi.