Kura Moja ya Djibouti

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu. Djibouti, nchi nzima, ina watu wanaokaribia idadi hiyo. Ndiyo sababu swali lililozagaa vijiweni Kondele, mjini Kisumu, baada ya Februari 15, 2025 si la kupuuzwa: nchi ndogo hivyo ilimshindaje marehemu Raila Odinga, na Kenya nzima nyuma yake, katika uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika?

Anza na kanuni. Kila nchi ina kura moja, ya siri, na mshindi sharti afikishe theluthi mbili. Kati ya wanachama 55, sita walikuwa wamesimamishwa. Wakabaki wapiga kura 49, na shabaha ikawa kura 33. Kuongoza mapema hakumpi mtu kitu. Raila alianza na 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti 18, Richard Randriamandato wa Madagaska 10. Raundi ya tatu Youssouf akapita mbele, 23 kwa 20. Baada ya ya sita Raila akajiondoa, na katika ya saba Youssouf akapata 33, bila hata moja ya ziada. Uchaguzi wa aina hii humfaa asiye na wa kumkataa kuliko mwenye mashabiki wengi.

Youssouf alikuwa waziri wa mambo ya nje tangu 2005, miaka 20 ya kujuana na wale wale wanaowashauri marais. Anazungumza Kifaransa, Kiarabu na Kiingereza, na nchi yake imo katika Umoja wa Nchi za Kiarabu. Kenya ilitegemea jina kubwa. Kwa maoni yetu, hilo ndilo kosa la kawaida la nchi kubwa.

Hata hivyo, tusiipambe Djibouti kupita kiasi. Juni 2020 iliwania na Kenya kiti cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ikashindwa, kura 129 kwa 62. Bandari yake ilikuwa ile ile, kambi za kijeshi za Marekani, Ufaransa, Japani na China zilikuwepo, na waziri alikuwa huyo huyo. Ila Kenya ilikuwa imeshapata idhini ya Umoja wa Afrika mapema, na wagombea walikuwa wawili tu: hapakuwa na kura za mtu wa tatu za kuokota.

Na kiti chenyewe? Mwenyekiti hana jeshi, na sehemu kubwa ya bajeti ya umoja hutoka kwa wafadhili. Youssouf alipokuwa ndiyo kwanza anashika ofisi, Machi 2025, marais Kagame wa Rwanda na Tshisekedi wa Kongo (DRC), waliokuwa katika mgogoro, walikutanishwa Doha, mji mkuu wa Qatar. Juni, Rwanda na Kongo zikatia saini mkataba wa amani Washington. Qatar nayo ni ndogo, raia wake hawafiki nusu milioni, lakini ina gesi, na kambi ya Marekani ya Al Udeid iko kwake. Haikuhitaji kura ya mtu yeyote kuwaita marais wawili mezani.