Kwenye kona hesabu inabadilika

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema gari lililoongezwa nguvu lisiposukumwa na magurudumu yote manne ni hasara tupu. Kwenye kuondoka simpingi: nguvu za farasi 600 zikienda nyuma peke yake, tairi zitazunguka bure. Lakini kona je? Tairi za mbele zikibebeshwa kazi ya kukata kona na kuvuta kwa wakati mmoja, huzidiwa, na gari hukataa kukunja. Nissan waliliona hilo kwenye Skyline GT-R ya 1989: nguvu zilienda nyuma, mbele zikapelekwa pale tu tairi za nyuma zilipoanza kuteleza. Halafu uzito! Kusukuma magurudumu yote manne kunataka shafti na difu ya ziada (vyuma vya kupeleka nguvu kwenye magurudumu), ambavyo watu huvisahau mpaka wafike kwenye breki. Mimi nachagua gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na tairi nzuri kabla ya tabo (turbo, kifaa cha kuongeza nguvu za injini) kubwa.