Pakruok na sadaka: shabiki wa ohangla anamwabudu nani?

Mhubiri wa Kisumu anayekemea ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, na rumba kutoka mimbarini hakosi ushahidi. Shabiki wa kweli ana usiku wake wa wiki asioukosa, ana safari ndefu za kumfuata msanii hadi Siaya, Homa Bay au Nakuru, ana fedha anazotoa bila kuhesabu, na ukimgusa mwimbaji wake anakuwa mkali kuliko muumini aliyetukaniwa askofu. Akiita hiyo ibada ya sanamu, mhubiri ana wenzake hata vyuoni. Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kwamba dini huchipuka pale watu wanapokusanyika na kuingiwa na msisimko ambao mmoja wao hawezi kuupata akiwa peke yake. Wakishatulia, hudhani nguvu ile imetoka kwa kitu kitakatifu kilichokuwa mbele yao. Kwa kipimo hicho, ukumbi wa muziki wa Kondele mjini Kisumu saa nane za usiku na kesha la kanisa la mtaa wa pili ni kitu kimoja.

Shida ya kipimo hicho ni kwamba kinanasa kila kitu. Mechi ya Gor Mahia inapita, mkutano wa siasa unapita, hata mnada wa ng'ombe ukichangamka unapita. Afadhali kufuata pesa, kwa sababu hapo ndipo muziki wa Waluo unapoachana na sadaka, na hapo ndipo wahubiri wengi hawajatazama vizuri.

Zamani mpiga nyatiti alialikwa matangani au kwenye pombe. Alikaa kwenye kigoda kifupi, kinubi chake cha nyuzi nane kikiwa chini mbele yake, pete ya chuma iitwayo oduong'o ikiwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia ili kugonga ukingo wa ala, na njuga za gara mguuni. Msikilizaji aliyetaka kusikika alisimama, akatoa sarafu, akamkatiza mpigaji. Kisha akajimwagia sifa: majina yake ya kupanga, kijiji chake, marafiki, mashemeji, na mambo anayoyaweza kuliko wengine. Watu walicheka na kushangilia, na mpigaji aliporudi kwenye nyuzi alilibeba jina lile ndani ya wimbo. Hiyo ndiyo pakruok.

Leo utaratibu ni uleule, vyombo ndivyo vimebadilika. Ngoma za ohangla, ambazo kwa asili huwambwa ngozi ya kenge, zimeongezewa kinanda na spika. Shabiki humpa mshereheshaji noti au humtumia kwa M-Pesa, pamoja na majina anayotaka yatajwe. Bendi hushusha sauti lakini haikati mdundo. Ikiukata, wachezaji hurudi vitini na kuwainua tena ni kazi. Mwenye zamu hupewa maiki au husomewa majina yake, kisha mwimbaji huyasuka kwenye ubeti unaofuata. Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Mlevi hung'ang'ania maiki. Mahasimu wawili hujibizana kwa noti mpaka wimbo unasahaulika. Mtu humsifu mke wa mwenzake kwa jina tamu mno. Au majina huwa mengi hivi kwamba kisa cha wimbo hakipati tena nafasi, na mwimbaji anabaki akisoma orodha. Lakini kosa lisilosameheka kwa mshereheshaji ni kupokea pesa na kusahau jina. Muumini ambaye sala yake haijajibiwa huambiwa asubiri, naye husubiri. Shabiki ambaye jina lake halikutajwa hudai pesa zake kabla ngoma haijanyamaza.

Sasa ukiuliza nani anaabudiwa hapo, jibu linamsumbua mhubiri. Sifa zinamwendea aliyelipa. Mwanamuziki ni mpitishaji wa sifa, na kama lazima tumpe cheo cha kidini basi ni kasisi wa kukodiwa, wala si mungu. Kinachoonekana ukumbini ni majivuno, tena majivuno ya hadharani yanayokubalika kwa sababu yamewekewa mahali na zamu yake. Anayetaka kuyakemea ana maandiko ya kutosha, ila asichague yale ya ndama wa dhahabu. Na aanze nyumbani: kwenye harambee ya kujenga kanisa, jina la mheshimiwa na kiasi alichotoa hutangazwa kwa kipaza sauti, makofi yakifuata.

Hata hivyo upande wa wahubiri una jambo zito ambalo watetezi wa muziki hulipitia haraka. Tangu uamsho ulioenea Afrika Mashariki miaka ya 1930, kuacha nyimbo za dunia ni moja ya mambo ya kwanza anayoombwa mtu aliyeokoka. Ni nadra mlokole mpya kuambiwa aache kutazama kandanda. Kanisa limeuona muziki kuwa mshindani wa kitu kilekile linachokitaka, yaani usiku wa mtu, mfuko wake na machozi yake, na mshindani humjua mshindani. Matangani ushindani huo huonekana waziwazi: marehemu ni mmoja, usiku ni mmoja, na upande mmoja unataka tenzi huku vijana wakitaka disko matanga. Halafu kuna makanisa ya Roho, yanayoandamana kwa ngoma na bendera, na waimbaji wa injili wa Kiluo wanaotumia gitaa la benga, muziki wa dansi wa Waluo, lilivyo, wakibadilisha maneno tu. Kama mdundo ule ungekuwa wa kawaida kama mdundo wowote, usingegombaniwa hivyo.

Kwamba ushabiki unaweza kukua ukawa dini kamili kumethibitika, ila huko San Francisco, Marekani. Waliompenda mpiga saksafoni John Coltrane, aliyefariki mwaka 1967, walianza kumwabudu kama Mungu. Walipopokewa na Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika mwaka 1982, walitakiwa wamshushe cheo awe mtakatifu, wakakubali. Kilicholifanya kundi lile kuwa kanisa ni mafundisho, maaskofu na kukubali kusahihishwa. Mapenzi ya muziki walikuwa nayo tangu mwanzo.

Pima Nyanza, eneo la Waluo magharibi mwa Kenya, kwa kipimo hicho. Legio Maria, kanisa lililojitenga na Katoliki na kuibuka mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, haikufa Ondeto alipofariki mwaka 1991. Ina mapapa wake, ina makadinali, na waumini bado wanakwenda kwenye mlima wao mtakatifu wa Got Kwer huko Migori. Mwimbaji wa benga D. O. Misiani wa bendi ya Shirati Jazz alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwezi Mei 2006, na mwimbaji wa rumba Musa Juma wa bendi ya Limpopo alifariki Machi 2011. Wote walililiwa sana. Lakini hakuna kiti kilichobaki cha kurithiwa. Waimbaji waliokulia kwenye bendi huondoka na sauti ya mkubwa wao, huanzisha bendi zao, na shabiki humfuata anayemridhisha. Hakuna anayeitwa mwasi. Hata makatazo huvunjika bila kesi: nyatiti ilikuwa ala ya wanaume peke yao, mpaka mwanamke wa Japani anayejulikana kwa jina la Anyango akajifunza na kuipiga majukwaani, na wasikilizaji wakampigia makofi.  

Kwa hiyo tunampa mhubiri nusu: ushindani anaousema upo, ila sanamu anayoiona ukumbini haipo. Lakini kuna shabiki mmoja anayeidhoofisha hoja yetu, na idadi yake inaongezeka. Ni kijana wa Nakuru anayesikiliza kwa simu akiwa kwenye matatu. Anasikia majina ya wafanyabiashara wa Kondele na wanasiasa wa Siaya yakitajwa ndani ya wimbo, yeye hawajui watu hao, hajawahi kuwaona, na bado ameyakariri kwa mpangilio. Hakulipia jina lolote na lake halitatajwa kamwe. Ukumbini kila noti ina malipo yake. Yeye anatoa bando, muda na mapenzi kwa msanii ambaye hajui kwamba yupo. Pakruok haimwelezi mtu huyo. Mhubiri akimkuta, neno lake la ibada linakaribia kufaa.