Metformini kwa anayetafuta mtoto

Toka kemisti ukiwa na pakiti ya metformini, na jirani akiiona atakuuliza sukari ilikupata lini. Ukimjibu kwamba huna kisukari, unatafuta mtoto, atadhani umeuziwa dawa ya mgonjwa mwingine.

Hujakosewa. Dawa hii, ambayo daktari Mfaransa Jean Sterne aliijaribu kwa wagonjwa wa kisukari jijini Paris na kutangaza matokeo yake mwaka 1957, hupewa pia wanawake wenye PCOS, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi. Miili ya wengi wao haiitikii insulini vizuri, hivyo kongosho huimwaga kwa wingi, na insulini ikizidi huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mayai huanza kukua yakaishia njiani. Metformini hushusha insulini hiyo, na baadhi ya wanawake huona hedhi ikirudi bila dawa nyingine. Wanaoisifu kwenye saluni za Nairobi hawasemi uongo.

Ila hedhi kurudi ni jambo moja, kumbeba mtoto ni jingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wanawake 626 wenye PCOS. Waliomeza metformini peke yake, asilimia 7.2 walijifungua mtoto hai. Waliomeza klomifeni, dawa ya kuchochea ovari kutoa yai, asilimia 22.5. Waliochanganya zote mbili walifika 26.8, na watafiti hawakuona kwamba nyongeza hiyo inatosha kuthibitisha lolote. Siku hizi hata klomifeni imepitwa: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaitanguliza letrozoli, dawa nyingine ya kuchochea yai kutoka.

Basi kwa nini metformini isiachwe? Kwa sababu ni ya bei nafuu, na haimlazimu mtu kupigwa skani kila mara ili ovari zichunguzwe. Katika utafiti huohuo, asilimia 6 ya mimba za klomifeni zilikuwa za pacha au zaidi. Za metformini peke yake, hakuna hata moja. Kwa anayelipia kila skani kutoka mfukoni, hiyo ni hoja nzito. Na kama sukari yake imeanza kupanda, dawa inamfaa kwa njia mbili.

Kinachonitia wasiwasi ni huo unafuu wenyewe. Ni rahisi kununua pakiti, kisha nyingine, mwaka ukaisha, na mwenyewe ana miaka 36. Metformini haizibui mirija ya uzazi iliyoharibiwa na maambukizi ya zamani, wala haiongezi mbegu za mume ambaye hajawahi kukanyaga maabara. Halafu kuna tumbo: kichefuchefu na kuharisha wiki za mwanzo, jambo lisilo la mzaha ukiwa ndani ya matatu iliyokwama Thika Road. Ndiyo maana huanzwa kwa dozi ndogo, pamoja na chakula. Figo nazo zipimwe kwanza, na anayeimeza kwa miaka aangaliwe vitamini B12.

Ningekuwa mimi ninayemwandikia, ningempa metformini akiwa na PCOS iliyothibitishwa, mara nyingi ikiisindikiza letrozoli. Kwenye karatasi hiyohiyo ningeweka tarehe ya kurudi, miezi michache tu mbele, na fomu ya pili ya maabara yenye jina la mume.